Jinsi ya Kuchagua Jukwaa la Mkutano wa Ukumbini na Mtandaoni kwa Pamoja: Mwongozo Kamili kutoka Kigoma

Swali ninaloulizwa zaidi hapa Kigoma ni hili: "Tuchukue Zoom au Google Meet?" Anayeuliza huwa ni katibu wa chama cha akiba na mikopo, mwalimu anayeandaa mahafali, au kijana aliyekabidhiwa "mambo ya mtandao" kwenye kamati ya harusi. Wengi wao wameshajaribu mara moja na kushindwa. Wa ukumbini walikaa wakisubiri, wa mtandaoni wakatoka mmoja mmoja, na mkutano ukaishia kuwa wa ukumbini peke yake.

Kosa karibu kila mara ni lile lile. Jukwaa lilichaguliwa na mwenye simu nzuri kuliko wote, akiwa amekaa penye mtandao mzuri kuliko wote. Mwongozo huu unaanzia upande wa pili, kwa mwanachama aliye Kagunga au Kalya, vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwenye simu ndogo na bando la siku moja. Fuata hatua kwa mpangilio, na usirukie hatua ya 5 ambako majina ya majukwaa yanaanza.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Karatasi yenye majina ya washiriki wote, mahali walipo na aina ya simu zao.
- Laini za simu za kampuni mbili tofauti, zote zikiwa na bando.
- Kompyuta mpakato moja, na simu janja moja ya bei ya chini. Hiyo simu ni kipimo chako, kwa hiyo usiiache.
- Ruta ya laini, au simu ya pili ya kugawa intaneti.
- Kadi ya sauti ya USB (kifaa kidogo cha kuingizia sauti kwenye kompyuta) na waya wa kuiunganisha na miksa ya ukumbini, ile mashine inayokusanya sauti za maiki zote. Spika za kumbi nyingi ni nzima, kinachokosekana ni huo waya.
- Ekstensheni ndefu, na umeme wa akiba: betri iliyojaa, powabanki, au jenereta yenye mafuta.
- Kadi ya benki au kadi ya mtandaoni ya huduma ya pesa kwa simu, iliyoruhusiwa kulipia nje ya nchi.
- Saa 2 za kufanyia jaribio, angalau siku 3 kabla ya tukio.

## Hatua ya 1: Andika watu kwanza

Chora safu nne: jina, mahali, simu, na kama atazungumza au atasikiliza tu. Piga simu kwa kila asiyejulikana. Usikisie, maana mtu anaweza kuwa kwenye kundi la WhatsApp kupitia simu ya mtoto wake, na siku ya mkutano mtoto yuko shuleni na simu yake.

Utakuta makundi matatu. Wapo wenye simu janja na mtandao wa kueleweka, wengi wao Kigoma mjini, Kasulu, Dar es Salaam. Wapo wenye simu janja lakini mtandao unakuja na kuondoka, kama wengi wa vijiji vya mwambao. Halafu wapo wenye kitochi.

Wa kitochi usiwaache nje. Watafutie kituo cha kusikilizia, yaani nyumba au ofisi moja kijijini yenye simu janja moja na spika ndogo, ambako watu 8 au 10 wanakaa pamoja. Kituo kimoja kinachosikika vizuri kina faida kuliko simu 10 zinazokatika, na kinakula bando la simu moja tu.

Ukifanikiwa: una namba mbili, idadi ya vifaa vitakavyoingia mtandaoni na idadi ya vituo. Hizo namba ndizo zinazochagua jukwaa.

## Hatua ya 2: Amua kama ni mazungumzo au ni matangazo

Mkutano mkuu wa chama ni mazungumzo: watu wanauliza, wanapinga, wanapiga kura. Harusi, mahafali na ibada ya mazishi ni matangazo, kwa sababu walio mbali wanataka kuona na kusikia, basi.

Ukichanganya haya mawili utalipia kitu usichohitaji, au utawanyima watu haki yao ya kusema. YouTube inaweza kubeba watazamaji wengi bila gharama, lakini picha inawafikia ikiwa imechelewa, wakati mwingine kwa nusu dakika. Mwenyekiti akiuliza "Mnakubali?" jibu la Uvinza litafika ajenda inayofuata ikiwa imeshaanza.

Tahadhari: kama kuna kura, soma kwanza masharti ya chama chenu. Akidi inahesabiwaje? Mtu aliye kwenye simu anahesabika amehudhuria? Kama masharti hayasemi, muulizeni afisa ushirika wa wilaya kabla ya mkutano. Uamuzi uliopita kwa kura zenye utata unaweza kupingwa baadaye, hata kama mtandao ulikuwa mzuri.

## Hatua ya 3: Pima mtandao ndani ya ukumbi

Nenda ukumbini siku ya wiki ile ile na saa ile ile ya tukio. Simama pale meza ya mitambo itakapokaa, si mlangoni. Fungua tovuti ya kupima kasi, kama fast.com, na uangalie namba ya kupakia, ile ya data inayotoka kwako kwenda nje. Watu wengi hufurahia namba ya kupakua kwa kuwa ndiyo kubwa, lakini picha na sauti ya ukumbi wako inatoka kwa njia ya kupakia.

Pima mara tatu, ukiachanisha dakika 10, kwa kila laini.

Vipimo vya kukushika mkono: sauti peke yake kwenye Zoom inahitaji 60 hadi 80 kbps (kipimo cha kasi ya data; kbps 1,000 ni Mbps 1). Picha ya kawaida inataka karibu 600 kbps. Kurusha YouTube kwa ubora wa picha wa 480p (namba ikipanda, picha inakuwa safi zaidi) kunataka karibu Mbps 1, na 720p inapendekezewa Mbps 4. Mimi huzidisha mara mbili: kama picha inahitaji Mbps 1, siridhiki mpaka nione Mbps 2 kwenye vipimo vyote vitatu. Kumbuka kwamba ukumbi ukijaa, simu 200 zitakuwa zikivuta mnara ule ule.

Ukifanikiwa: unajua laini ya kwanza ni ipi na ya akiba ni ipi. Kama zote mbili zinashindwa, hama ukumbi au panga mkutano wa sauti tu. Hakuna jukwaa litakalokuongezea mtandao.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya bando la mshiriki

Njia rahisi: chukua kbps, zidisha kwa 0.45, unapata MB kwa saa kwa upande mmoja, yaani kupokea tu au kutuma tu. Sauti ya 80 kbps ni MB 36 kwa saa. Picha ya 600 kbps ni MB 270. Picha ya Mbps 1 ni MB 450.

Mkutano wa saa 3 kwa picha ya kawaida, basi, unamla mshiriki zaidi ya MB 800 kwa kutazama tu, na karibu mara mbili yake akiwasha kamera. Kwa sauti peke yake hafiki MB 250 hata ukihesabu pande zote mbili. Waandikie hizi namba kwenye tangazo la mkutano, na kama chama kina uwezo, kipange bando la wakuu wa vituo kwenye bajeti ya mkutano kama kinavyopanga chai na nauli. Mimi naona ni haki. Aliyeko ukumbini hajalipia kiti.

## Hatua ya 5: Chuja majukwaa

Sasa chukua zile namba mbili za hatua ya 1 na jibu la hatua ya 2.

WhatsApp. Simu ya kundi inabeba watu 32. Kwa kamati au vikao vya vituo inatosha, na kila mtu anaijua. Simu ikiwa kwa Kiswahili, nayo inakuwa kwa Kiswahili. Ugumu wake ni kuongoza kikao kikubwa. Hata usipoitumia kama jukwaa, kundi la WhatsApp libaki kuwa ubao wa matangazo, kwa sababu linki ikifa, huko ndiko watu watakimbilia.

Google Meet. Bila malipo inabeba watu 100 kwa dakika 60. Simu nyingi za Android huja nayo, na akaunti ya Google tayari ipo kwenye simu, kwa hiyo hakuna cha kupakua. Kwa kikao kifupi chenye watu wa simu ndogo, ninaanzia hapa.

Zoom. Bila malipo ni watu 100 kwa dakika 40. Hizo dakika 40 zimewaumiza wengi. Nilikuwa kwenye mkutano wa chama kimoja hapa mjini, mweka hazina amefika kwenye ukurasa wa madeni sugu, ambao ndio watu walikuwa wanausubiri. Skrini ikafunga. Ukumbini tuliendelea, waliokuwa Ilagala waliamini hadi jioni kwamba wamekatwa makusudi ili wasisikie majina. Ilichukua vikao viwili kurudisha imani. Kama mkutano wako unazidi nusu saa na unachagua Zoom, lipia mwezi mmoja. Ya kulipia inaondoa huo ukomo wa dakika 40, ina zana nzuri za mwenyeji, yaani anayeendesha mkutano, na inaweza kurusha mkutano ule ule YouTube.

YouTube na Facebook. Hizi ni za matangazo. YouTube inataka uthibitishe namba ya simu, na ukiwasha matangazo ya moja kwa moja kwa mara ya kwanza unaweza kusubiri hadi saa 24. Kurusha kwa simu kunahitaji chaneli yenye wafuasi 50. Facebook inataka akaunti iwe na umri wa siku 60, na ukurasa uwe na wafuasi 100. Kamati za harusi huja kugundua haya asubuhi ya harusi. Jambo jingine: muziki wa wasanii mnaoupiga wakati wa kusubiri bibi harusi unaweza kufanya matangazo yanyamazishwe au yakatwe kwa haki miliki. Kwaya ikiimba, mtangazaji akiongea, sawa. DJ asiunganishwe kwenye sauti inayokwenda mtandaoni.

Telegram hubeba wasikilizaji wengi, lakini angalia kwanza ni wangapi kwenye orodha yako wanayo. Jitsi Meet ni ya bure na programu yake ni huria, yaani yeyote anaweza kuiona ilivyoandikwa na kuitumia. Mwenyeji siku hizi lazima aingie kwa akaunti, kama ya Google. Microsoft Teams ya bure inaishia dakika 60 na watu 100, nayo naipendekeza tu kwa ofisi ambazo tayari zinaitumia.

Majukwaa makubwa ya maonyesho, yenye vibanda na kumbi ndogo za mtandaoni, yaache. Yametengenezwa kwa watu wenye kompyuta na intaneti ya waya.

Jaribu jukwaa lolote bila VPN, ile programu ya kupitisha intaneti yako kupitia nchi nyingine. Likifunguka kwa VPN tu, liondoe kwenye orodha, kwa sababu huwezi kuwataka wanachama 60 wafanye hivyo hivyo. Wala usihifadhi namba za washiriki ndani ya jukwaa peke yake: Skype ilifungwa Mei 2025 baada ya zaidi ya miaka 20, na haikuwa kampuni ndogo.

Ukifanikiwa: umebakiwa na jukwaa moja la kwanza na moja la akiba. Mawili yanatosha.

## Hatua ya 6: Jaribu sauti kwa nusu saa

Hapa ndipo mikutano ya namna hii inapofia. Mtu huvumilia picha iliyoganda, lakini sauti mbovu dakika 5 zinamtosha.

Usiweke kompyuta mbele ya spika ukitegemea maiki yake ikasikilize. Nilifanya jaribio hivyo, nikampigia mama mmoja mwanachama aliyekuwa Ilagala. "Shikamoo mama, unatusikia?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Marahaba mwanangu. Nawasikia, ila ni kama mnaongea mkiwa ndani ya pipa." Tulipounganisha waya kutoka kwenye miksa, alitaja jina la aliyekuwa anaongea kabla sijamuuliza.

Fanya hivi:

1. Toa sauti kwenye tundu la AUX la miksa, ipitie kadi ya sauti ya USB, iingie kwenye kompyuta. Anza na sauti ya chini kabisa, maana sauti ya miksa ina nguvu na ikizidi inakwaruza.

2. Kama huna kadi ya sauti, angalia ncha ya waya. Kompyuta yenye tundu moja la sauti inapokea maiki kupitia ncha yenye pete tatu nyeusi. Waya wa kawaida wa muziki una pete mbili. Unatoa sauti lakini hauingizi. Watu wamebadilisha jukwaa zima kwa sababu ya pete moja.

3. Sauti ya walio mtandaoni itoke kwenye kompyuta, iingie kwenye njia yake yenyewe ya miksa, tuseme njia ya 5, ili ukumbi usikie.

4. Kwenye njia hiyo ya 5, kitufe cha AUX kizungushe hadi sifuri. Usiporudisha sifuri, sauti ya mtu wa Kasulu inazunguka na kumrudia Kasulu baada ya sekunde moja. Huo ndio mwangwi unaowafanya watu waseme "Zoom ni mbovu".

5. Walio ukumbini na wameingia pia kwa simu zao wafunge maiki na wapunguze sauti ya simu hadi mwisho. Simu moja iliyosahaulika mfukoni inatosha kuharibu kila kitu.

Kama kuna kwaya au ngoma, zima kipunguza kelele kwenye mipangilio ya sauti. Majukwaa mengi hudhani ngoma ni kelele na kuifuta, ukabaki unasikia makofi yanayokatika.

Ukifanikiwa: mtu aliye mbali, kwenye ile simu ya bei ya chini, anakurudia sentensi tatu zilizosemwa na watu watatu tofauti ukumbini, na yeye akiongea, wa viti vya nyuma wanamsikia. Akishindwa, usisonge mbele. Rekebisha waya kwanza, jukwaa baadaye.

## Hatua ya 7: Lipia, na akaunti iwe ya chama

Bei unayoiona tovutini mara nyingi haina kodi. Weka akiba ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya hadi 18% ili kadi isikataliwe. Lipia mwezi, si mwaka, na zima malipo ya kujirudia siku hiyo hiyo.

Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya chama, si ya kijana wa mitambo. Akihama na nenosiri lake, mtaanza upya.

## Hatua ya 8: Linki, saa na ulinzi

Hii ya saa inawapotosha wengi kuliko inavyodhaniwa. Jukwaa linaandika "10:00 AM", na mtu anajiandaa saa kumi jioni. Andika mwenyewe kwenye ujumbe: saa 4:00 asubuhi, saa za Tanzania.

Hayo maneno ya mwisho usiyafute. Burundi na mashariki ya Kongo wako nyuma yetu kwa saa 1. Kama una ndugu Bujumbura, Uvira au Kalemie, kwao itakuwa saa 3:00 asubuhi. Na vijiji vya mpakani, simu ikinasa mtandao wa ng'ambo, saa yake inaweza kujirudisha nyuma yenyewe, huku salio likikatwa kwa bei ya nje. Waambie wa Kagunga wachague mtandao kwa mkono, sio wa kujichagulia.

Linki itume mara mbili: siku moja kabla, na dakika 30 kabla. Usiibandike kwenye kurasa za wazi. Washa chumba cha kusubiri, na mtu mmoja akae na ile orodha ya hatua ya 1 akiruhusu majina. Waombe washiriki waandike jina na kijiji, kwa mfano "Zainabu Mwamgongo", maana "itel A60" hakuna anayemjua.

Kama mtarekodi, sema hivyo mwanzoni na useme rekodi itatumika kwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahusu pia sura, sauti na madeni ya wanachama wenu.

## Hatua ya 9: Siku yenyewe

Wagawe watu watatu. Wa kwanza anashika miksa na kompyuta. Wa pili anaruhusu watu na kujibu kwenye kundi la WhatsApp. Wa tatu ni mdomo wa walio mtandaoni: anakaa mbele karibu na mwenyekiti, na kila ajenda kabla haijafungwa anasema, "Mwenyekiti, kuna mkono kutoka Kibondo." Bila huyu wa tatu, wa mbali wanageuka watazamaji hata kwenye jukwaa la gharama.

Washa kila kitu saa 1 kabla. Umeme uwe wa akiba kwenye ruta na kompyuta tangu mwanzo, usingoje ukatike. Msimu wa mvua hapa kwetu radi hazibishi hodi. Ngurumo zikikaribia, chomoa waya za ukutani na uendelee kwa betri.

Mtandao ukikata, hesabu dakika 5. Badilisha laini. Ukikata tena, piga simu ya kawaida ya sauti kwa mkuu wa kila kituo, unganisha simu hizo pamoja, na weka simu yako karibu na spika. Namba zao ziwe zimeandikwa kwenye karatasi mezani, kwa sababu simu yenye majina yao ndiyo hiyo inayogawa intaneti na huenda imezima.

Mkutano ukiisha, pakua orodha ya waliohudhuria kama jukwaa linaitoa; kama halitoi, piga picha ya skrini kabla watu hawajaanza kutoka. Matangazo ya Facebook hufutwa baada ya siku 30, kwa hiyo hiyo video iweke kwenye kompyuta mapema. Na kama ulirekodi Zoom kwenye kompyuta, subiri. Ukishafunga mkutano, faili linaanza kutengenezwa, na linaweza kuchukua dakika nyingi kwa mkutano wa saa 3. Usifunge kompyuta wala usichomoe umeme hata kama wenye ukumbi wanakusanya viti. Fungua video, isikilize mwanzo, katikati na mwisho, ndipo ukunje waya.